Paka wa Kitale na Bungoma: si kila kifo ni sumu

Mwezi uliopita nilipanda bara kwa shughuli za kifamilia, siku tano Kitale na mbili Bungoma, na neno nililolisikia kuliko yote halikuwa la siasa wala la bei ya mahindi. Lilikuwa "sumu". Paka wa fulani kalishwa sumu. Paka wa nyumba ya pili naye kalishwa sumu. Na kila palipotajwa sumu, palitajwa jirani.

Kwa dadangu, aliyeolewa Kitale mwaka wa kumi na tano sasa, walikuwako paka watano: jike mzee wa miaka sita, mwanawe wa mwaka mmoja na ushei, na vitoto vitatu vya miezi mitatu hivi. Ndani ya siku nane vitoto vyote vitatu vilikufa, na yule wa mwaka mmoja akafuatia. Mzee hakuguswa hata unywele. Shemeji yangu alikuwa ameshamjua mkosaji: mama wa ukuta wa pili anayefuga kuku, ambaye aliwahi kulalamika kwamba paka wanamlia vifaranga. Watu wawili walioazimana chumvi miaka kumi walikuwa hawaamkiani tena. Bungoma, upande wa Kanduyi, ami yangu alinisimulia kisa hicho hicho, ila huko mshukiwa alikuwa kijana wa duka.

Niliuliza maswali ambayo mtu yeyote angeuliza. Vitoto vilianzaje? Vilikataa chakula, vikajikunyata, vikatapika povu la manjano, kisha vikaharisha. Kimoja kilikaa juu ya bakuli la maji kichwa kimeinama, hakinywi. Mwili je? Masikio yalikuwa ya moto. Vilikufa pamoja? La, kimoja baada ya kingine, siku mbili tatu katikati.

Sumu ya panya haina adabu ya kupanga foleni hivyo, wala haiulizi umri. Mkubwa na mdogo wakila chambo kimoja, wote wamo hatarini. Ugonjwa unaochukua vitoto na kumwacha mzee mara nyingi ni ugonjwa ambao mzee ameshauona zamani, akapona, na mwili wake ukaukumbuka.

Ugonjwa wenye sura hiyo una jina. Madaktari wa mifugo huuita panlukopenia, yaani upungufu wa chembe nyeupe za damu za kila aina. Huletwa na virusi vya jamii ya pavo, ndugu wa vile vinavyowaharisha watoto wa mbwa damu. Virusi hivi hutafuta mahali ambapo mwili unazalisha chembe mpya kwa haraka: utumbo, na uboho ulio ndani ya mifupa. Utumbo ukivuliwa ngozi yake ya ndani, paka hatapiki na kuharisha tu, bali bakteria hupenya na kuingia kwenye damu. Uboho nao, ambao ndio ungetengeneza askari wa kupambana na bakteria hao, umeshapigwa. Mwili unavamiwa siku ile ile ulinzi wake umevunjwa. Kwa vitoto visivyochanjwa na visivyotibiwa, wanaokufa ni wengi kuliko wanaopona, na wengine hufa kabla mwenye nyumba hajajua kwamba wanaumwa. Ndiyo maana watu husema sumu. Jioni alikuwa akicheza, asubuhi kakauka.

Siwezi kuapa kwamba hicho ndicho kilichowaua paka wa dadangu, kwa sababu hakuna aliyewapima. Na hapo pasipo kipimo ndipo ninapotaka tutulie kidogo, kwa kuwa jambo hili si la paka peke yao.

Kwanza nieleze kwa nini naliogopa mimi ninayekaa Mombasa. Virusi hivi havimhitaji paka mgonjwa ili visafiri. Vikitoka na kinyesi au matapishi vinaweza kukaa kwenye sakafu, zulia, kikapu au mchanga kwa mwaka mzima vikiwa hai. Sabuni ya kawaida haviiogopi, na spiriti haviijali. Vinapanda kwenye soli ya kiatu, kwenye pindo la kanzu, kwenye mikono ya mtoto aliyemshika paka wa jirani. Paka aliyepona anaweza kuendelea kuvitoa kwa wiki kadhaa huku anaonekana mzima kabisa. Sasa fikiria basi la usiku la kutoka Kitale, linapita Eldoret, Nakuru na Nairobi, linashuka Mombasa alfajiri, na ndani yake mna kitoto cha paka kwenye katoni yenye matundu, zawadi ya likizo. Nimeyaona mwenyewe makatoni hayo. Nimewahi kubeba moja.

Binadamu havimpati. Mbwa naye haugui kwa virusi hivi vya paka, ingawa mwaka 1978 ndugu yao wa mbwa alitokea na kuzunguka dunia nzima kwa muda mfupi ajabu, na baadhi ya aina zake za sasa humwingia paka pia. Kwa hiyo mwenye nyumba asihofie wanawe. Ahofie vitoto vya paka vya mtaa mzima.

Kwa anayedhani ninakuza mambo, kuna kisiwa kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi kiitwacho Marion, mali ya Afrika Kusini. Mwaka 1949 walipelekwa huko paka watano wakawinde panya katika kituo cha hali ya hewa. Wakazaana, wakaanza kumaliza ndege wa baharini. Kufikia 1977 walikadiriwa kuwa zaidi ya 3,400. Mwaka huo wanasayansi waliwatilia kwa makusudi virusi hivi hivi vya panlukopenia, na kufikia 1982 walikuwa wamebaki kama 600. Paka wa Marion walikuwa hawajawahi kuugua, kwa hivyo hawakuwa na kinga. Paka wa Lamu na wa Mji wa Kale si kama wao. Wengi, naamini, ni wajukuu wa walionusurika. Lakini hesabu ile inaonyesha nguvu ya kitu tunachokiita "tumbo tu".

Sasa turudi Kitale. Baada ya kifo cha kitoto cha pili, dadangu alikwenda kwenye duka la dawa za mifugo mjini. Alipewa dawa ya minyoo. Baada ya cha tatu akapewa dawa ya kuua bakteria, ya kuchanganya na maji, iliyokusudiwa kuku. Simlaumu muuzaji. Trans Nzoia ni kaunti ya mahindi na maziwa. Duka lake limejaa vinavyoulizwa: dawa za kupe, chumvi ya ng'ombe, chanjo ya kuku ya Newcastle, mbegu. Aliulizwa kuhusu paka akajibu kwa alichokuwa nacho. Dadangu aliuliza kama ipo chanjo ya paka. Akaambiwa haiwekwi kwa sababu hakuna anayeiulizia. Nusu saa baadaye jirani mwingine aliniambia yeye hajawahi kuulizia kwa sababu anajua haiwekwi. Mzunguko ni huo, na ndani yake vitoto vinakufa.

Chanjo yenyewe si kitu kipya wala cha majaribio. Madaktari huita chanjo ya tatu kwa moja, kwa kuwa hukinga panlukopenia pamoja na maradhi mawili ya mafua ya paka. Huanza kitoto kikiwa na wiki sita hadi nane, hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi kipite wiki 16, kisha mara moja akikaribia mwaka, na baadaye kila miaka mitatu hivi. Watu wengi huchanja mara moja wakaona wamemaliza. Hapo ndipo panapovuja: kinga ambayo kitoto hunyonya kwa mama huweza kuizima chanjo ya kwanza, na hakuna ajuaye kwa macho siku ambayo kinga ya mama itaisha. Ndiyo sababu ya kurudia.

Shida ni kuifikisha. Lazima ikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 tangu kiwandani hadi kwenye sindano, na huja kichupa kimoja kwa paka mmoja. Taasisi yetu ya serikali ya kutengeneza chanjo za mifugo, KEVEVAPI, kazi yake ni ng'ombe, mbuzi, kondoo, ngamia na kuku. Ya paka huagizwa kutoka nje, hufika Nairobi, na hufuata walipo wateja wenye uwezo. Kati ya Nairobi na duka la Kitale kuna safari ndefu ya barafu ambayo hakuna mfanyabiashara atakayeigharamia kwa ajili ya vichupa viwili.

Na serikali je? Hapa nilikwenda kuisoma Katiba ya 2010 upya. Jedwali la Nne, sehemu ya kazi za kaunti, linazipa kaunti udhibiti wa magonjwa ya wanyama, na kipengele kingine kinazipa udhibiti na ustawi wa wanyama. Ndani ya kipengele hicho imetajwa kwa jina leseni ya mbwa, halafu vituo vya kuwaweka, kuwatunza na kuwazika wanyama. Mbwa katajwa. Paka hakutajwa. Hakukatazwa, kwa kuwa naye ni mnyama na ugonjwa wake ni ugonjwa wa mnyama. Lakini yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha bajeti anajua: kisichotajwa kwa jina hakipewi fungu.

Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, ina orodha ya maradhi ambayo ukiyaona lazima uripoti: ya midomo na miguu, kimeta, homa ya Bonde la Ufa, kichaa cha mbwa na mengineyo. Ni orodha ya maradhi yanayoua watu au yanayoua biashara. Panlukopenia haina nafasi humo, na sidai kwamba iwekwe. Ofisa mwenye pikipiki moja na ng'ombe elfu kadhaa hawezi kukimbilia kila paka. Ninachosema ni kwamba kati ya kuripoti kwa lazima na kutojua kabisa, kuna nafasi pana sana iliyoachwa wazi.

Maabara zipo. Kitale na Bungoma zinaangaliwa na maabara ya uchunguzi ya kanda iliyoko Eldoret, kama kilomita 70 kutoka Kitale. Sisi wa Pwani tunayo ya Mariakani, na kuu iko Kabete. Mzoga wa ndama ukipelekwa huko, kila mtu anaelewa. Nani atapanda matatu na mzoga wa paka kwenye mfuko? Kwa hiyo hafiki, na asipofika hakuna namba, na pasipo namba ofisa wa kaunti atakwambia kwa ukweli kabisa kwamba hana taarifa ya ugonjwa wowote wa paka.

Ona yaliyotokea Cyprus mwaka 2023. Kisiwa hicho ni cha paka kama Lamu ilivyo. Huko palizuka virusi vingine, vya korona ya paka, ambavyo si vile vya Covid ya watu. Korona ya paka ni jambo la kawaida kwenye nyumba zenye paka wengi na kwa kawaida huwaletea kuharisha kidogo tu, ila kwa wachache hugeuka ndani ya mwili ikaleta ugonjwa wa kujaa maji tumboni na kudhoofika hadi kufa. Aina iliyozuka Cyprus ilikuwa imechanganya vinasaba na korona ya mbwa, na ikapita kutoka paka hadi paka kwa kasi isiyozoeleka. Watetezi wa wanyama walisema paka 300,000 wamekufa. Chama cha madaktari wa mifugo kikasema ni kama 8,000. Tofauti ya 8,000 na 300,000! Si kwamba upande mmoja ulikuwa wa waongo. Ni kwamba hakukuwa na hesabu ya paka kabla, basi kila mtu alihesabu kwa hofu yake. Hata hivyo Agosti mwaka huo serikali yao ilifanya jambo la busara: ilikubali vidonge vilivyobaki vya kutibu Covid ya binadamu vitumiwe kwa paka, kwa kuandikiwa na daktari. Waliweza kuamua hivyo kwa sababu angalau walikuwa wamepima na kujua ni kirusi gani.

Mfano wa pili una uzito zaidi kwa watu wa Kitale, kwa kuwa unahusu maziwa. Mwaka 2024 mafua makali ya ndege, H5N1, yaliingia kwenye ng'ombe wa maziwa huko Marekani. Miongoni mwa dalili za mwanzo zilizowashtua madaktari huko Texas ni paka wa mashambani waliokunywa maziwa mabichi ya ng'ombe hao, wakapooza, wakapofuka, wakafa. Mwaka mmoja kabla, Poland ilikuwa imeshazika paka wa majumbani kwa virusi hivyo hivyo. Sisemi ugonjwa huo uko kwetu. Nasema paka wa zizini anakunywa anachokunywa mwanao, na huenda akafa kabla yake. Kaunti ya wafugaji wa maziwa isiyouliza paka wamekufa na nini imezima taa yake yenyewe.

Kuna na hasara ya karibu zaidi. Trans Nzoia na Bungoma ni ghala la nchi hii. Mahindi yakivunwa kuanzia Oktoba, kila boma lina kihenge au chumba kilichojaa, na panya wanajua. Paka kwa mkulima si pambo. Ni mlinzi wa zamu ya usiku anayelipwa mabaki ya ugali na dagaa. Akifa, siku ya tatu panya wanatembea juu ya dari, siku ya saba mwenye nyumba ananunua sumu ya panya, safari hii sumu ya kweli. Chambo kinawekwa pembeni mwa magunia. Kuku anaokota, mbwa anamla panya aliyelewa, mtoto anayetambaa anaokota kipande cha nyanya kilichopakwa. Shemeji yangu, aliyekuwa akimtuhumu jirani kwa sumu, alikuwa na pakiti mbili za sumu hiyo kwenye rafu ya jikoni kufikia siku niliyoondoka. Nilimwomba aiweke juu zaidi.

Na panya hawali mahindi tu. Mwaka 2022 ndugu zetu wa Lindi, kusini mwa Tanzania, walipatwa na homa iliyowatoa watu damu puani. Kufikia katikati ya Julai wagonjwa walikuwa 20 na watatu wamekufa, na ilipopimwa ikaonekana ni leptospirosisi, maarufu kama homa ya mgunda, ambayo huenezwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwa mstari wa mbele. Hakuna aliyesema Lindi ilikosa paka. Lakini penye panya wengi, maradhi ya panya hayako mbali.

Sisi wa Pwani tunalo la ziada. Paka kwetu ana heshima yake. Anaingia msikitini hakuna anayemfukuza, anapita mbele ya anayeswali, na tumefundishwa tangu chuoni kwamba si najisi, ni katika wanaotuzungukia majumbani. Sote tunaijua habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia bila chakula. Tunayapenda mafundisho haya kwa sababu yanatupa raha ya kumwacha nyau alale kwenye jamvi. Kuna fundisho jingine tunalolisahau, la Mtume (s.a.w.) kukataza mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke kwa wenye ngamia wazima. Hilo nalo lina paka ndani yake. Anayeleta kitoto kutoka nyumba yenye ugonjwa akakigawa kwa jirani "kwa thawabu" anafanya kinyume chake, hata kama nia ni njema.

Dadangu ameniomba nimpelekee paka wawili kutoka Mombasa. Nimekataa kwa sasa, na amenuna. Nyumba ile bado ina virusi, kama ni hivyo ninavyodhani. Kitoto kisichochanjwa kikiingia leo, huenda wiki ya pili kimezikwa. Nimemwambia atupe kikapu na matambara yote waliyolalia, kisha aoshe sakafu kwa sabuni kwanza, na baada ya hapo apige Jik: nusu kikombe kwa lita nne za maji, iachwe dakika kumi ikiwa majimaji kabla ya kusuuza. Jik hufanya kazi kwenye sakafu safi tu. Ukiimwaga juu ya uchafu umepoteza pesa. Mahali pa udongo usioweza kuoshwa hapana dawa ila jua na kusubiri. Atakayefuata aingie akiwa mkubwa na aliyechanjwa, si kitoto.

Hapa niongeze onyo, kwa kuwa nimeona watu wema wakiwaua paka kwa huruma. Dawa za kuua viini zile zinazogeuza maji kuwa meupe kama maziwa ni sumu kwa paka. Hulamba miguu yake na kuzinywa. Parasetamoli, hata kidonge kimoja, inaweza kumuua. Ini lake haliwezi kuisaga. Na tafadhali, dawa ya kupe ya ng'ombe au ya mbwa yenye pemethrini isipakwe kwa paka kamwe. Atatetemeka hadi afe, na nyote mtasema tena ni jirani.

Paka akishaugua, hakuna dawa ya kukiua kirusi chenyewe. Kinachomwokoa ni maji yanayowekwa chini ya ngozi au kwenye mshipa, dawa ya kuzuia kutapika, ya kuzuia bakteria, joto na uangalizi. Anayevuka siku tano mara nyingi huishi. Atengwe na wengine, na anayemhudumia abadilishe viatu na kunawa kabla ya kumgusa mwingine. Na jike mwenye mimba asikaribishwe kabisa. Virusi hivi huharibu ubongo wa vitoto tumboni, wakazaliwa wanayumba kama walevi maisha yao yote. Mmeshawaona paka hao mitaani Mombasa. Watu hudhani wamegongwa na pikipiki.

Sasa nini kifanyike, na nani? Mtu mmoja hawezi kulifanya duka la Kitale liagize vichupa viwili. Nyumba kumi na tano zinaweza. Wakikubaliana siku moja, wakalipa kabla, daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ataagiza vichupa 30 kwenye boksi moja la barafu, na gharama ya safari itagawanyika. Vikundi vya akina mama vinavyonunua sufuria kwa zamu vinaweza kununua na hili. Ami yangu kule Bungoma ameshaanza kuwaandika majirani, na nina furaha kuarifu kwamba jina la tatu kwenye orodha ni la yule kijana wa duka.

Kwa upande wa kaunti, njia fupi ni kujishikiza kwenye kazi iliyopo. Kenya ina mkakati wa kutokomeza kichaa cha mbwa wa 2014 hadi 2030, na kila Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kaunti nyingi hutoa chanjo ya bure. Ugonjwa huo serikali yenyewe hukadiria unaua hadi watu 2,000 nchini kwa mwaka. Paka naye huupata na huuambukiza kwa kuuma na kukwaruza, lakini foleni ile huwa ya mbwa watupu kwa sababu tangazo husema leteni mbwa. Likisema leteni mbwa na paka, tayari yupo daktari, lipo boksi la barafu, ipo daftari. Chanjo ya tatu kwa moja inaweza kutolewa siku hiyo hiyo kwa anayelipia, na daftari likaandika paka wangapi, umri gani, wangapi wamekufa mwaka huo na kwa dalili zipi. Hiyo ndiyo hesabu ambayo Cyprus haikuwa nayo.

Wapo watakaosema watu wataikataa, kama ilivyozuka zogo mwishoni mwa 2024 serikali ilipotangaza kuchanja ng'ombe milioni 22 na mbuzi na kondoo milioni 50. Zogo lile, kwa maoni yangu, lilitokana na tangazo kutoka juu kabla ya maelezo kufika chini. Watu walijaza pengo kwa uvumi, wengine wakidai ni njama ya wazungu kuharibu mifugo yetu. Kwa paka hali ni kinyume: safari hii wenye paka ndio watakaokuwa wanaomba. Anzia hapo, na eleza kabla ya kuchoma.

Na Pwani tusisubiri basi la kutoka Kitale. Lamu, Mji wa Kale, Marikiti, Malindi kwenye mazizi ya samaki, vitoto vinakufa kwa mafungu kila mwaka na tunasema ni njaa, ni wivu, ni sumu. Mariakani hakuko mbali. Mzoga mmoja uliowekwa kwenye mfuko wa plastiki mara mbili, ukazungushiwa barafu na kufikishwa siku hiyo hiyo kabla haujaoza, unatosha kuanza kujua. Makadirio ya bajeti za kaunti hufikishwa kwa mabunge ya kaunti kabla ya Aprili 30, na kabla ya hapo huwa kuna vikao vya umma ambavyo viti vyake vingi hukaa vitupu. Anayekwenda kuuliza habari ya taa za barabarani aulize pia idara ya mifugo imeweka shilingi ngapi za paka. Najua watacheka. Aulize mara ya pili, na aombe jibu kwa maandishi.